Mimi, Mbuzi na Bunzi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusema kwetu ni Singida.

Sikuwa na nia mbaya. Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, kwenye kile kiwanja cha mtaa wetu hapa Tanga ambacho kwa miaka mingi kilikuwa jalala. Watu kumi na wanne tulikuwa tumeitikia msaragambo, majembe begani, macho bado yana usingizi. Mwenyekiti wa mtaa akataka kila mmoja ajitambulishe na aseme anachokijua. Fundi baiskeli alisema anajua kuchimba. Mwalimu mstaafu alisema anajua kuandika, akapewa daftari papo hapo, na hajalitua mpaka leo. Ilipofika zamu yangu, mimi mhasibu ambaye maishani mwangu nimeotesha kitu kimoja tu, haragwe kwenye pamba, darasa la tatu, niliona haya kusema sijui lolote. Nikasema, "Mimi kwetu Singida."

"Aaa!" wakaitikia wote. "Basi huyu anajua nyuki."

Sikukanusha. Singida na Tabora zinajulikana kwa asali, na niliona kukana mbele ya watu wa pwani ni kuuvua mkoa mzima nguo. Ukweli ni kwamba asali ya utoto wangu ilifika nyumbani ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, na nyuki mwenyewe nilimjua kwa upande mmoja tu, ule wa nyuma.

Wazo lote lilikuwa la Bi Mkubwa. Ndivyo mtaa mzima unavyomwita, hata waliomzidi umri, ambao wamebaki wawili. Ameuza mboga tangu ujana wake, na kilichomkera kilikuwa hiki: zamani mchunga na mgagani vilijiotea tu kando ya kila ua, mtu akichuma bila kumwomba mtu. Siku hizi anavinunua kwa mafungu kutoka kwa vijana wanaovileta na bodaboda, kwa sababu mjini tumezimwagia nyua zetu sakafu, na palipobaki udongo tumepanda majani yale ya kukatwa kila wiki, yasiyo na ua wala mboga. Jambo la pili lilikuwa mpesheni wake. Ulikuwa umefunika uzio mzima na kuchanua kama bibi harusi, lakini ulikuwa hauzai. Ua linafunguka, linajikunja, linaanguka.

"Wadudu wametuhama," alisema kwenye mkutano wa mtaa, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Hawana pa kula wala pa kulala. Tuwapandie vya kwetu, vile walivyozoea, labda watarudi."

Hakuna aliyepinga. Ajenda iliyokuwa ikifuata ilikuwa michango ya ulinzi shirikishi, na kila mtu alitaka ile ya wadudu iendelee mpaka magharibi.

Jumamosi ya pili nilifika na miche mitano ya mwarobaini, nimeinunua kwa fedha yangu, iko kwenye viriba vyake, nimeipakia kwenye baiskeli kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Kama kuna mti wa kienyeji hapa duniani, nilijiambia, ni mwarobaini. Unatibu maradhi arobaini, bibi zetu wametunywesha uchungu wake tukiwa tumebanwa pua, na hakuna mtaa wa pwani usiokuwa nao. Bi Mkubwa akautazama mche, kisha akanitazama mimi.

"Mwanangu, huu kwao India."

"Mwarobaini?"

"India. Hauna ubaya. Lakini tumesema vya kwetu."

Hapo ndipo Mwalimu alipofungua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaandika upande mmoja WENYEJI na upande wa pili WAGENI. Mimi ningejua yatakayofuata ningeipanda ile miarobaini usiku, kimya kimya. Maana watu walianza kutaja miti wanayoipenda na Mwalimu, ambaye alifundisha jiografia miaka thelathini na hajapata kisa cha kuitumia tangu astaafu, akawa anaifukuza mmoja mmoja. Mnazi: Asia. Mgomba: Asia. Mkorosho: Brazili. Muhogo: Amerika ya Kusini. Mahindi: Mexico. Bogenvilia ya kwenye geti la mwenyekiti: Amerika ya Kusini. Mwembe: India. Fundi baiskeli, ambaye karakana yake iko chini ya mwembe uliopandwa na babu yake, aliweka jembe chini na kukaa, utadhani ameambiwa kuna jambo mama yake alimficha.

"Na mkonge?" akauliza mtu, akitafuta pa kushika. Tanga bila mkonge ni nini?

Mwalimu alivua miwani. Mkonge asili yake ni Mexico, alisema. Ulifika kwetu mwaka 1893. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kupitia Florida, na iliyomaliza safari ikiwa hai ilikuwa 62. "Sitini na miwili," alirudia polepole, akinyoosha mkono upande wa mashambani. "Yote mnayoyaona ni wajukuu wa hao."

Tukanyamaza kidogo, kama inavyostahili.

Kisha, kwa sababu watu wa jiografia hawajui pa kuachia, akaongeza kwamba katika miaka hiyo hiyo mzigo ulikwenda na upande wa pili. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kiua kidogo cha zambarau kutoka Usambara, kiua cha kivulini kinachojibanza kwenye mawe. Mwaka uliofuata kikabandikwa jina la kitaalamu, Saintpaulia, yaani jina la huyo bwana, na leo kinakaa kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya na Marekani, kinamwagiliwa maji na kusemeshwa kama paka. Wao wakachukua ua, sisi tukapata miiba. Sikusema kitu. Nilikuwa nikifikiria sebule yangu, umbali wa saa chache tu kutoka Usambara, ambako katikati ya meza kuna maua ya plastiki ambayo mke wangu huyafua kwa sabuni ya unga kila inapokaribia Idi.

Nilijaribu kujitetea kwa mkwaju. Nilisema, basi na mkwaju nao nje, maana jina lake la kitaalamu ni Tamarindus indica, na Waarabu wameuita tende ya Hindi. Nilijiona msomi. Bi Mkubwa akacheka mpaka akashika kiuno. Mkwaju, alisema, ni wa hapa hapa Afrika, umekuwepo kabla ya hao Waarabu na tende zao. Mwalimu akathibitisha kwa kichwa. Kumbe mwarobaini na mkwaju wanatumia jina moja la ukoo, wote indica, na mmoja wao kalipata jina hilo kimakosa. Mambo hayo hata mtaani yapo. Ninao jirani wawili wanaoitwa Mnyamwezi, na mmoja wao hajawahi kuvuka Korogwe.

"Na alizeti?" nikauliza kwa sauti ndogo, maana Singida tukitoa asali tunabaki na alizeti.

"Amerika ya Kaskazini," alisema Mwalimu, akinishika bega.

Tukapanda tulivyobaki navyo, na havikuwa haba. Mikwaju miwili kwenye pembe. Mbuyu mmoja katikati, ambao utachukua miaka mingi kabla ya kuchanua, na ukichanua utachanua usiku, kwa kuwa mhudumu wake ni popo. (Mwenyekiti alitaka kujua kama na popo tutawaandikia zamu.) Kivumbasi, ambacho sisi tunakichoma kufukuza mbu, kumbe nyuki wanakipenda kama watoto wanavyopenda ubuyu. Mishubiri kwa ajili ya ndege chozi. Mgagani, mchunga, kunde, choya, nyanya chungu. Mpesheni wa Bi Mkubwa haukuguswa, ingawa nao ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini na Mwalimu alilisema hilo mara mbili. "Huyo ameshaingia ukoo," alijibu mwenye nao, na ndivyo alivyoandikwa. Pia ukabaki mndimu mmoja uliojiotea zamani za jalala, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuung'oa mti ulioishi kwa maganda na chupa.

Mndimu huo ndio ulioniumbua.

Zamu yangu ilikuwa Jumatano. Nilifika jioni na kopo la kumwagilia, nikakuta majani ya mndimu yametafunwa nusu nusu, na yaliyosalia yamechafuliwa na kinyesi cha ndege, vile vidonge vyeusi vyenye doa jeupe. Nikaanza kuyapangusa kwa kidole. Kidonge kimoja kikatembea.

Nikavaa miwani. Vilikuwa viwavi. Vidogo vilikuwa na rangi ya kinyesi, vikubwa vilikuwa vya kijani kama jani lenyewe, vinene, vimetulia, vinatafuna mali ya umma mchana kweupe. Nilipokigusa kikubwa kimoja, kilijikunja nyuma, kikatoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa na harufu kali ya machungwa yaliyooza. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilikumbuka kwamba ninatoka mkoa wa watu wanaojua wadudu. Nikatafuta kopo, nikatia maji na sabuni, nikaokota kimoja kimoja mpaka vikaisha. Ishirini na saba. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno haya: "Adui amedhibitiwa. Kazi iendelee."

Kundi likanyamaza. Lile kundi halinyamazi hata kwenye msiba. Baada ya dakika kumi Mwalimu akaandika, "Idadi?" Nikamjibu kwa fahari. Kisha ukaja ujumbe wa sauti wa Bi Mkubwa, sekunde saba, tatu za kwanza zikiwa pumzi tu: "Mwanangu. Hao ndio vipepeo."

Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye tulikuwa tumemsubiri miezi minne, ambaye siku alipotokea mara ya kwanza mwenyekiti alisimamisha msaragambo ili watu wamtazame, hutaga mayai yake kwenye mindimu na michungwa. Watoto wake huvaa sura ya kinyesi cha ndege wakiwa wadogo ili ndege wenyewe wasiwatamani. Ni ujanja uliowafaa tangu dunia ni dunia. Ndege wana macho makali na wanadanganyika. Mimi nimevaa miwani tangu sekondari. Siku moja tu maishani nimekuwa na jicho kali kuliko ndege, na ndiyo siku niliyomaliza kizazi.

Nilitozwa faini. Ndoo ishirini na saba za maji, moja kwa kila roho, kutoka bombani, kwa mkono. Mwalimu aliziandika zote, na nilipofika ishirini na sita nikadai nimemaliza, alinisomea daftari.

Mbuzi sitawasemea sana, kwa sababu mambo ya mbuzi yanajulikana. Waliingia usiku mmoja kupitia uzio wa makuti, wakala kunde zote, mgagani wote, na kipande cha bango lililosema BUSTANI YA JAMII, wakabakisha BUSTANI YA JA. Walichoacha ni kivumbasi na mishubiri. Mwenye mbuzi alikuja asubuhi kuomba radhi na sinia la mihogo, akatazama kazi yetu, akabaki. Ni yeye aliyetufundisha kuzungushia vyenye harufu kali upande wa nje na vitamu katikati. Katika daftari kukaongezwa safu ya tatu: MBUZI HALI.

Mama mkwe ni habari nyingine.

Moja ya kanuni za Bi Mkubwa ilikuwa kwamba pembe ya kaskazini ya kiwanja isifagiliwe kamwe. Wengi tunadhani nyuki ni yule wa mzingani tu, kumbe duniani kuna aina zaidi ya elfu ishirini za nyuki, na wengi wao hawana mzinga, hawana malkia, hawana kundi. Kila jike anajitafutia, na wengi huchimba vijishimo ardhini, kwenye udongo mtupu, na kutagia humo. Kwa hiyo tukaacha mahali pamoja na udongo wake, majani makavu, na mashina matupu ya mimea. Kwa jicho la mtu yeyote aliyelelewa vizuri, palikuwa uchafu.

Mama mkwe wangu alilelewa vizuri mno. Alikuja kututembelea kutoka Handeni, akalala, akaamka kabla ya adhana, akafagia ua wetu, akaona haitoshi, akafagia mbele ya nyumba, akafuata barabara, akafika kiwanjani. Nilipotoka saa kumi na mbili na nusu nilimkuta amesimama pembe ya kaskazini, fagio la chelewa mkononi, mistari ya fagio imenyooka kama daftari la hesabu, na moshi wa takataka unapanda taratibu.

"Baba," aliniambia, kwa upole wa kuniokoa na aibu, "mnakaaje na watu na kona kama ile?"

Ziko lugha zenye maneno ya kumkaripia mama mkwe. Kiswahili si mojawapo. Nilisema, "Shikamoo mama, asante sana kwa kazi," nikaingia ndani kumwandikia Mwalimu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba Bi Mkubwa, alipopata habari, hakusema neno baya. Alikwenda kumwamkia, wakakaa kibarazani mpaka saa nne wakila mahamri, na mama mkwe akarudi Handeni na mbegu za choya ndani ya pindo la kanga na kanuni mpya, kwamba kona yake ya nyuma huko kwake haitafagiliwa. Mimi sikusamehewa. Nilipewa ndoo kumi, kwa kosa la kutomuonya mgeni.

Ikafika tarehe 20 Mei. Tangu mwaka 2018 siku hiyo Umoja wa Mataifa unaiadhimisha kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na mwenyekiti, ambaye habari hiyo aliisikia redioni, aliona hii ndiyo nafasi yetu ya kuonekana. Tukaalika mgeni rasmi. Tukakodi viti na spika. Mei huku kwetu ni masika bado, lakini siku hiyo mvua ilikatika, jua likatoka, na kila kitu kikang'aa. Mgeni rasmi akafika, akavishwa shada, akaanza kuelekea kwenye kipaza sauti.

Kwanza ulisikika mvumo. Nilidhani ni spika. Kisha likaja wingu, si kubwa, upana wa chumba kimoja, likazunguka juu ya mbuyu wetu wenye urefu wa goti, likavuka viti vya wageni, likashuka taratibu kwenye mwembe wa fundi baiskeli, ambako nilikuwa nimeegesha baiskeli yangu. Likatua kwenye usukani. Ndani ya dakika chache hapakuwa na usukani tena. Palikuwa na kitu cha kahawia, kinene kama mtoto mchanga, kinachotikisika.

Watu wote hawakuwatazama nyuki. Walinitazama mimi.

"Mtu wa Singida!" akasema mwenyekiti kwenye kipaza sauti, kwa ahueni isiyo na kifani. "Ndugu mgeni rasmi, usiwe na wasiwasi, tunaye mtaalamu!"

Wakanipisha njia. Nilipiga hatua tatu, kwa heshima ya mkoa. Ya nne ilikataa. Nilijaribu kukumbuka jambo lolote kuhusu nyuki na likanijia moja tu, gunzi. Nikageuka, nikasema kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko nilivyokusudia, "Nyuki wa Singida ni tofauti. Hawa ni wa pwani. Hatuelewani lugha."

Kicheko kilichofuata kiliwasogeza nyuki kidogo, na hapo ndipo uwanja ulipotawanyika. Kijana mmoja akaja mbio na tairi na mafuta ya taa. Bi Mkubwa alimzuia kwa mkongojo. Hao ni wasafiri, alisema. Wameondoka kwao wameshiba asali, wamembeba malkia wao, hawana nyumba wala watoto wa kulinda, ndiyo maana wametulia. Wengine wamekwenda kutafuta pa kuhamia, wakipata watarudi kuwachukua wenzao. Asiwaguse mtu, asiwasogelee mtu, wataondoka wenyewe. Sherehe ikaendelea mbali kidogo, upande wa pili wa barabara. Mgeni rasmi alisoma hotuba yake yote kuhusu umuhimu wa nyuki, kurasa tatu, akiwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa, na tulimpigia makofi kila midomo yake iliposimama.

Nilitembea kwa miguu siku mbili. Asubuhi ya tatu walikuwa wameondoka, na fundi baiskeli alikuta kwenye kengele yangu vipande vidogo vya nta, vyeupe kama kucha. Alikataa kuvibandua. Kengele sasa hailii vizuri, inakohoa, na mtaa mzima wanajua ni mimi ninayekuja.

Sasa mpesheni, maana ndio ulioanzisha yote.

Mkabala na Bi Mkubwa, ng'ambo ya barabara, anaishi Mzee wa Reli. Kazi ya reli ndiyo iliyomleta kutoka Kigoma, akastaafu hapa, akawa mgane hapa. Naye ana mpesheni, na nao ulikuwa hauzai, lakini yeye alikuwa na shida kubwa zaidi: bunzi. Kwa msiomjua, bunzi ni yule nyuki mweusi mkubwa anayevuma kama pikipiki ya mbali na kutoboa mbao kavu, tundu la duara safi kama limepigwa keekee. Walikuwa wamezitoboa kenchi za kibaraza chake mpaka vumbi la mbao likawa linamdondokea kwenye chai. Alipambana nao kwa saruji, kwa dawa ya bomba, na hatimaye kwa raketi ya umeme ya kuulia mbu. Jioni jioni ungemwona barazani na singlendi, anapiga forihendi. Akashinda. Mwaka mzima hakupita bunzi mtaani.

Siku alipokuja bustanini kujisifu kuhusu ushindi huo, Bi Mkubwa aliacha kupalilia.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Umewaua wakunga wangu."

Ua la pesheni, alimweleza, limeumbwa kwa kipimo cha bunzi. Ule unga wa manjano, chavua, umening'inia juu. Nyuki wa asali ni mdogo, hupita chini yake, akanywa, akaondoka bila kuigusa, kama mtu anayekula harusini na hakuchangia. Bunzi akiingia, mgongo wake unafika juu, unapakwa, unakwenda kupaka ua jingine. Tena pesheni hizi za manjano hazikubali chavua ya mmea wenyewe, lazima itoke mmea mwingine. Ndoa ya ndugu hazitaki. Na hata zile nyanya chungu zetu huzaa vyema bunzi akizishika na kuzitetemesha kwa mvumo wake, mpaka chavua imwagike kama pilipili manga kutoka kwenye kichupa.

Msaragambo ulikaa kama baraza. Mimi, kama mtuhumiwa mzoefu, nilishauri ndoo. Bi Mkubwa akatoa hukumu yake: mpaka bunzi warudi, kazi yao aifanye aliyewaua. Seremala akaleta magogo makavu mawili, yakatundikwa kando ya bustani ili bunzi wakirudi watoboe hayo na kuziacha kenchi za watu. Na Mzee wa Reli akakabidhiwa unyoya wa kuku.

Pesheni ya manjano haifunguki asubuhi. Hufunguka saa sita mchana, jua la utosi. Basi kila siku saa sita ungemwona mzee wa watu juu ya kigoda, anapangusa maua yake kwa unyoya, anavuka barabara ameukinga unyoya na upepo kwa kiganja, anapanda kigoda cha Bi Mkubwa, anapaka maua ya huku, anapangusa, anavuka tena. Watoto wakitoka shule walimwamkia, "Shikamoo Mzee Bunzi," naye akaitikia. Wiki ya kwanza alivaa singlendi. Wiki ya tatu alivaa shati. Mwezi wa pili alikuwa anavuka na kanzu iliyopigwa pasi, na kazi ya dakika ishirini ilikuwa inamalizika baada ya alasiri, kibarazani, pamoja na chai ya mchaichai. Mwalimu alikuwa anaandika saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mwezi uliopita bunzi wamerudi. Nimewahesabu wanne mwenyewe kwenye magogo, na mara hii nilihesabu bila kopo. Pesheni zinaanguka mpaka barabarani, kila nyumba ina jagi la sharubati, hata mama mkwe ametumiwa kikapu Handeni.

Juzi, saa sita na robo, nilikuwa kwenye zamu yangu ya maji nikamwona Mzee wa Reli anavuka barabara, kanzu nyeupe, unyoya mkononi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. "Hukusikia? Bunzi wamesharudi."

"Marahaba. Nimesikia," alisema bila kusimama. "Lakini wale ni wadudu tu, baba. Wadudu si watu wa kuwategemea."

Akapiga hodi. Mwalimu, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe, alifungua daftari, akatoa kalamu, akazitazama zile safu tatu kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa kuwa sote wawili tumekuja Tanga na kazi na hatukuondoka, hili aliandike wapi.